Jua likichafukwa: Norwe wanaona rangi, Kanada wanalala gizani

Saa 8:44 usiku wa kuamkia Jumatatu, Machi 13, 1989, umeme ulikatika katika jimbo la Quebec, nchini Kanada. Usifikirie ule mgawo wetu wa mtaa huu kupata na mtaa ule kukosa. Lilizimika jimbo zima, watu milioni 6, na giza likakaa saa 9. Treni za chini ya ardhi za jiji la Montreal zililala, shule zikafungwa, uwanja wa ndege wa Dorval nao ukafungwa. Mwezi Machi huko bado ni baridi ya kugonganisha meno, na nyumba nyingi hupashwa joto kwa umeme huohuo. Jenga picha mwenyewe.

Hakuna gari lililogonga nguzo. Hakuna bwawa lililokauka. Hata tumbili hakuhusika, maana wenzetu wa Kenya hawajamsahau yule aliyeangukia transfoma ya kituo cha Gitaru mwaka 2016 akaiacha nchi gizani. Aliyeuzima umeme wa Quebec alikuwa umbali wa kilomita milioni 150. Jina lake Jua.

Na katika dhoruba hiyohiyo, wakati watu wa Quebec wanapapasa mishumaa, watu wa mpaka Florida na Kuba walikuwa nje wametumbua macho. Mbingu zilikuwa na rangi! Ilikuwa ile mianga ya kaskazini, ambayo siku za kawaida wanaoifaidi ni watu wa Norwe, Finland, Iceland, Alaska na wengine wanaoishi karibu na paa la dunia.

Sasa msomaji wangu, hapo ndipo kichwa changu kilipogoma. Pambo lile na balaa lile vimetokaje kwenye mfuko mmoja? Nimelifukunyua suala hili mpaka nikaridhika. Wala usiogope neno sayansi. Mwandishi wako huyu kaishia kidato cha nne, kwa hiyo kama mie nimeelewa, wewe utaelewa mara mbili.

MBWEHA, MIZIMU NA WABISHI WA KIJIWENI

Kwanza tuyaweke mezani yanayosemwa. Wafini wanaiita mianga hii "revontulet", maana yake mioto ya mbweha. Wazee wao walisimulia kwamba kuna mbweha anayekimbia juu ya theluji, mkia wake ukipiga theluji cheche zinaruka mbinguni. Baadhi ya Wainuiti waliona ni roho za waliotangulia zinacheza mpira kwa fuvu la mnyama wa baharini. Kwa Wasami wa kaskazini mwa Norwe na Uswidi, mtoto alikatazwa kuipigia mluzi, isije ikashuka ikamchukua. Ni sawa na sie tulivyokatazwa kupiga mluzi usiku ati tunaita nyoka. Kumbe wazee ni walewale dunia nzima.

Siku hizi mbweha kaachwa, lakini uongo haujaisha. Pale kijiweni kwetu picha za mianga hii zikiingia kwenye simu, mabishano yake ni ya kutoana macho. Yuko anayeapa kwamba ni mwanga wa jua umegonga barafu ukarudi juu. Yuko mwingine aliyeshika kwamba ni mawingu yamemulikwa na taa za miji. Na yuko mzee mmoja ambaye kila kitu kwake ni dalili ya siku za mwisho, kuanzia hii mianga hadi bei ya sukari.

Wote hao hawajapata. Barafu haihusiki, mawingu ndiyo kabisa, maana mawingu yenyewe hayafiki huko juu. Mianga hii inawaka kuanzia kilomita kama 100 kutoka ardhini na kupanda, mara nyingine kupita 300. Ndege ya abiria inayokupeleka Ulaya inaruka kilomita 10 au 12 tu. Pima mwenyewe.

KUNANI HUKO JUANI?

Jua ni mpira wa gesi ya moto, na upana wake ni sawa na dunia zetu 109 zikipangwa mstari mmoja. Uso wake una joto la nyuzi 5,500 hivi. Lile tabaka lake la nje, linaloonekana kama ushungi mweupe siku jua likipatwa kabisa, linapita nyuzi milioni 1. Kwa moto wa namna hiyo hata atomu haikai nzima. Elektroni zake zinabanduka, zinabaki zinazurura peke yake. Huo mchanganyiko wa vipande vya atomu unaitwa plazma, na tabia yake kubwa ni mbili: unapitisha umeme, na hauachani na sumaku.

Ushungi huo wa jua hautulii. Unavuja angani muda wote, kila upande, kama mvuke wa chungu kisichofunikwa. Wataalamu wanauita upepo wa jua. Mwendo wake wa kawaida ni kama kilomita 400 kwa sekunde. Nimesema sekunde, siyo saa! Hapo unatoka Dar es Salaam unafika Dodoma kabla hujamaliza kupiga chafya.

Aliyetabiri upepo huo ni Mmarekani Eugene Parker, mwaka 1958, akiwa kijana wa miaka kama 30 tu. Wasomi waliopewa andiko lake walikagulie walilikataa. Bahati yake mhariri wa jarida, Subrahmanyan Chandrasekhar, hakuona kosa kwenye hesabu, akalichapa. Mwaka 1962 chombo Mariner 2 kikielekea Zuhura kikaukuta huo upepo, unavuma kama alivyosema. Mwaka 2018 Marekani ilirusha chombo cha kwenda kulichungulia jua kikiwa na jina lake, Parker Solar Probe. Mzee alikuwapo akishuhudia kikiruka, na alifariki mwaka 2022 akiwa na miaka 94.

Lakini upepo wa kila siku siyo uliowalaza watu wa Quebec gizani. Kuna kingine. Jua halizunguki kama jiwe. Sehemu ya katikati inamaliza mzunguko kwa siku kama 25, huku ncha zake zinajikokota hadi siku 35. Sasa kwa kuwa ndani yake kuna mistari ya sumaku, katikati ikiwahi na ncha zikichelewa, mistari inajisokota kama kamba ya katani mkononi mwa fundi. Pale fundo linapochomoza usoni pa jua, joto linapungua na panaonekana peusi. Ndiyo madoa ya jua.

Mwuza dawa mmoja wa Kijerumani, Heinrich Schwabe, aliyahesabu madoa hayo kila siku jua lilipoonekana kwa miaka 17, na mwaka 1843 akatangaza kwamba yanaongezeka na kupungua kwa zamu. Leo tunajua zamu hiyo ni ya miaka kama 11. Oktoba 2024 wataalamu wa Marekani walitangaza kwamba jua limefika kwenye kilele cha zamu yake ya 25 tangu zianze kuhesabiwa. Ndiyo maana simu yako ilijaa picha za mianga kipindi hicho.

Kamba ikisokotwa kupita kiasi, nini kinatokea? Inakatika. Mistari ya sumaku nayo ikizidiwa inakatika na kujiunga upya, na nguvu iliyokuwa imebanwa inalipuka. Mwanga wa mlipuko unatufikia kwa dakika 8 na kidogo. Nyuma yake linaweza kutupwa wingu zima la plazma, uzito wake mabilioni ya tani, likiwa limebeba sumaku yake tumboni. Wingu hilo linachukua siku 1 hadi 3 kufika kwetu, likiwa na haraka ni chini ya saa 20. Mara nyingi linapita pembeni, maana anga ni kubwa na dunia ni punje. Siku likitulenga, hapo ndipo kasheshe.

NGAO YETU NA MKIA WAKE

Usitetemeke bado. Dunia yetu haikuumbwa uchi. Chini kabisa, ndani ya kiini chake, kuna chuma kilichoyeyuka ambacho kinachemka na kuzunguka, na mzunguko huo unazalisha sumaku. Ndiyo ile inayogeuza sindano ya dira ielekee kaskazini. Sumaku hiyo haikai ardhini tu, inatoka nje na kuizingira dunia kama mwavuli usioonekana. Upepo wa jua ukija unagonga mwavuli huo na kupinda pembeni, kama maji ya mto yanavyolipita jiwe.

Upande unaotazama jua, mwavuli unabonyea. Upande wa usiku unavutwa nyuma na kuwa mkia mrefu sana, unaopita umbali wa mwezi. Na mkia huo ndio mwenye siri.

Wingu la jua likifika, sumaku yake inaweza kuelekea kaskazini au kusini. Ikielekea kaskazini, kama ya kwetu, mambo mengi yanapita salama. Ikielekea kusini inakuwa kinyume na ya kwetu, na wewe unajua sumaku mbili zikigeuziana ncha tofauti zinavyofanya: zinang'ang'aniana. Mistari ya jua inaungana na mistari ya dunia, mlango unafunguka, nguvu inaingia. Inaburuzwa hadi kwenye mkia, mkia unajaa, unanyooka kama mpira wa manati, halafu pa! Unakatika na kurudi kwa kishindo.

Manati hiyo inazirusha elektroni kuelekea duniani, na zinapita kwenye mistari ya sumaku inayoingia ardhini karibu na ncha mbili za dunia. Kwa hiyo yule anayesema vipande vya jua vinadondoka moja kwa moja kupitia ncha za dunia anakaribia tu. Kwanza vinazuiwa, nguvu inawekwa akiba nyuma, kwenye giza, ndipo fataki zinapigwa. Mwaka 2007 Marekani ilirusha satelaiti 5 kwa mpigo, mradi wa THEMIS, kulinasa tukio hilo, na mwaka uliofuata zikashuhudia mkia ukikatika muda mfupi kabla mianga haijalipuka juu ya Kanada.

Mnazikumbuka zile TV zenye chogo? Lile chogo halikuwa la urembo. Nyuma mle kulikuwa na mtambo unaofyatua elektroni, sumaku inazielekeza, zikigonga kioo cha mbele chenye unga maalumu kinawaka, nawe unaangalia tamthilia yako. Mianga ya kaskazini ni TV ya namna hiyohiyo. Mkia wa sumaku ndilo chogo, hewa ya juu ya dunia ndicho kioo. Tofauti ni kwamba hii haina rimoti, na kioo chake ni mbingu yote.

KIJANI, NYEKUNDU NA ZAMBARAU

Rangi zinatoka wapi? Zinatoka kwenye hewa yetu wenyewe, hii unayovuta sasa hivi. Elektroni ikiigonga atomu ya oksijeni inaipandisha mori. Atomu haiwezi kukaa na mori siku nzima, lazima ishushe, na inaposhusha inatoa mwanga. Ni kama gesi iliyomo ndani ya bomba la taa ya neoni pale kwenye kibao cha baa, umeme ukipita inatoa rangi yake.

Oksijeni iliyoko kilomita 100 hadi 150 hivi inatoa kijani, ndiyo inayoonekana zaidi. Juu ya kilomita 200 oksijeni hiyohiyo inatoa nyekundu. Kwa nini gesi moja ina rangi mbili? Hapa mie nilifurahi. Ili itoe kijani, atomu inahitaji chini ya sekunde 1. Ili itoe nyekundu inahitaji kukaa peke yake karibu dakika 2 bila kuguswa. Huku chini kuna msongamano, kama daladala la jioni, atomu haimalizi hata robo ya muda huo kabla haijapigwa kikumbo na mori wake ukaishia hewani bila mwanga. Kule juu hewa ni nyepesi, kuna nafasi, hivyo nyekundu inapata muda wake. Naitrojeni nayo inaongeza bluu na zambarau, na ule upindo wa waridi unaoonekana chini ya pazia siku mianga imechachamaa.

Wengi mtauliza kwa nini sie wa huku hatuioni. Mianga hii inakaa kwenye pete mbili, moja kuzunguka ncha ya sumaku ya kaskazini na nyingine ya kusini. Kwetu karibu na Ikweta mistari ya sumaku haiingii ardhini, inapita juu yetu imelala kama waya za simu, kwa hiyo elektroni hazipati njia ya kushuka. Dhoruba ikiwa kubwa pete zinapanuka, ndiyo maana Mei 2024 picha zilipigwa mpaka Meksiko upande wa kaskazini, na upande wa kusini hadi Afrika Kusini.

Lakini usijione umepona. Ikweta ya sumaku inapita Ethiopia, jirani zetu. Ukanda huu ndiko tabaka la juu la hewa lenye umeme linakochafuka baada ya jua kuzama, na jua likiwa na madoa mengi linachafuka zaidi. Mawimbi ya satelaiti yakipita humo yanayumba. Anayetegemea vipimo makini vya GPS, awe mpima ardhi au rubani, hilo linamhusu hata kama hajawahi kuona theluji.

PROFESA ALIYETENGENEZA DUNIA YA MEZANI

Haya yote tusingeyajua bila mtu mmoja ambaye maisha yake yanafaa kuwa sinema. Kristian Birkeland alizaliwa Norwe mwaka 1867, na akiwa na miaka 31 tayari ni profesa. Mwaka 1899 alipanda na wenzake kwenye mlima Haldde, kaskazini kabisa mwa nchi yake, wakaishi kileleni kwenye kibanda cha mawe majira yote ya baridi wakipima sumaku na kuiangalia mianga. Kijana mmoja wa msafara huo alikufa kwa maporomoko ya theluji.

Birkeland alirudi mjini na wazo lake: mianga hii ni umeme, elektroni zinatoka juani, sumaku ya dunia inazielekeza kwenye ncha. Ili awaonyeshe watu, alitengeneza dunia yake ndogo. Alichukua tufe, ndani akaweka sumaku ya umeme, akaliingiza kwenye sanduku la kioo lililonyonywa hewa, kisha akalifyatulia elektroni. Kukatokea pete zinazong'aa kuzunguka ncha zote mbili. Mianga ya kaskazini, ndani ya maabara!

Pesa za utafiti alizipata kwa njia ya ajabu. Alikuwa amebuni mzinga wa kurusha kombora kwa nguvu ya umeme. Machi 1903 aliita wakubwa na wenye fedha washuhudie ukumbini, umeme ukapiga shoti, ukatoka mwale na mshindo, watu wakatawanyika. Mzinga ulikufa siku hiyo, lakini mwale ule ukamwonyesha njia. Pamoja na mhandisi Sam Eyde alitumia mwale wa umeme kuunguza hewa na kutengeneza mbolea, na mwaka 1905 ikazaliwa kampuni ya Norsk Hydro. Mwenzenu akapata mkwanja, akaurudisha kwenye mianga yake.

Baadaye alikuja hadi Afrika, Misri na Sudan, kuchunguza mwanga mwingine hafifu unaoonekana baada ya jua kuzama. Lakini afya ilikuwa inaporomoka. Usingizi ulimkimbia, akawa anategemea dawa iitwayo Veronal, na wakati wa vita kuu ya kwanza aliamini majasusi wa Kiingereza wanamfuatilia. Juni 15, 1917 alikutwa amekufa kwenye chumba cha hoteli mjini Tokyo, alikuwa amekunywa dawa hiyo kupita kiasi. Alikuwa na miaka 49. Alipendekezwa Tuzo ya Nobel mara 7, hakuipata hata moja.

Alipokufa wazo lake likakaliwa. Sydney Chapman wa Uingereza, bingwa wa fani hiyo, alishikilia kwamba mikondo ya umeme iko kwenye hewa yetu tu, hakuna inayoshuka kutoka angani. Kwa miongo mingi neno la Chapman ndilo lililokuwa sheria. Mpaka satelaiti ya jeshi la maji la Marekani ilipopita juu ya eneo la mianga, na vipimo vilivyotolewa mwaka 1966 vikaonyesha sumaku inayumba pale palepale, kama mikondo inavyopanda na kushuka. Birkeland hakupatia kila kitu, maana yeye hakujua habari za ule mkia. Lakini jambo kubwa alikuwa amelipatia miaka zaidi ya 50 kabla. Leo mikondo hiyo inaitwa kwa jina lake, na tangu 1994 sura yake ilikaa kwenye noti ya kroni 200 ya Norwe, hadi noti mpya zilipotoka mwaka 2017.

UREMBO WENYE MENO

Sasa turudi kwenye balaa. Kama angani kuna mikondo ya umeme, ikibadilika kwa ghafla inaamsha umeme mwingine kwenye chochote kirefu cha chuma kilichoko chini. Nyaya, reli, mabomba.

Waliolijua hilo kwanza ni watu wa telegrafu. Septemba 1, 1859, saa 5:18 asubuhi, Mwingereza Richard Carrington, mtoto wa mwenye kiwanda cha bia aliyependa nyota kuliko bia, alikuwa anachora madoa ya jua akaona mmweko mkali ukilipuka katikati yake. Saa 17 na nusu baadaye wingu likafika. Mianga ilionekana hadi Kuba na Hawaii. Mitambo ya telegrafu ilitoa cheche, na mafundi wa Boston na Portland nchini Marekani wakachomoa betri zao na kupelekeana ujumbe kwa muda wa saa 2 hivi wakitumia umeme wa mbinguni peke yake. Umeme wa dezo!

Mwaka 1859 dunia ilikuwa na waya chache. Mwaka 1989 Quebec ilikuwa na njia za umeme ndefu mno zinazotoka kwenye mabwawa ya kaskazini, tena zimepita juu ya mwamba mkongwe usiopitisha umeme vizuri. Umeme ulioamshwa na dhoruba ukakosa pa kwenda ardhini, ukapanda kwenye nyaya. Transfoma zikazidiwa, vifaa vya kulinda njia vikajizima kimoja baada ya kingine, na kwa muda usiozidi sekunde 90 jimbo zima likawa kimya. Oktoba 30, 2003 zamu ikawa ya mji wa Malmö, Uswidi, watu 50,000 wakakaa gizani kama saa nzima.

Na sasa tumeongeza satelaiti. Februari 3, 2022 kampuni ya SpaceX ilirusha satelaiti 49 za Starlink. Dhoruba ndogo tu ikapasha joto hewa ya juu, hewa ikavimba, ikazikokota, na 38 kati yake zikarudi chini zikaungua. Mei 10, 2024 ikaja dhoruba ya daraja la tano, la juu kabisa, ya kwanza tangu 2003. Wakulima wa Marekani waliokuwa katikati ya msimu wa kupanda walisimamisha matrekta, kwa sababu GPS inayoyaongoza ilikuwa inayumba. Safari hiyo mitambo mikubwa ya umeme haikuanguka. Mojawapo ya sababu ni kwamba wenyewe walipewa taarifa mapema.

Taarifa hiyo inatoka wapi? Kuna kituo mjini Boulder, Marekani, kinachotabiri hali ya hewa ya anga saa 24. Kuna vyombo vinavyolikodolea jua macho, na vingine vimesimamishwa kilomita milioni 1.5 mbele yetu kuelekea juani. Wingu likivipita, vinapiga filimbi, na sisi tunabakiwa na dakika kati ya 15 na 60 kabla halijatugonga. Kwa mwenye mtambo wa umeme, dakika hizo ni za kupunguza mzigo kwenye njia zake. Kwa rubani, ni za kujua redio inaweza kukwama.

KWA WALE WENYE SAFARI

Mdau uliyeko Oslo, Stockholm au Toronto, au uliye huku unasubiri viza, pokea dondoo. Nenda kaskazini, Tromsø ya Norwe ni mji unaofikika kwa ndege na uko chini ya pete yenyewe, hivyo huhitaji dhoruba kubwa. Nenda kati ya Septemba na Machi. Ukienda Juni utakuta jua halizami, utarudi na picha za mchana saa 6 usiku. Ondoka kwenye taa za mji, omba mawingu yasiwepo, vaa nguo juu ya nguo, halafu subiri. Simu ikiwekwa kwenye hali ya usiku ikatulizwa itaona rangi kuliko jicho lako, kwa hiyo usiilaani mbingu kwamba haifanani na picha.

Na ukiiona inacheza, kijani inakimbia kutoka upeo mmoja hadi mwingine, ujue unachokitazama. Ile ni dunia yako inapigwa makonde na jua, na ule mwanga ndiyo alama kwamba ngao imeyapokea. Nguvu nyingi inaishia kule juu na kugeuka rangi. Ikizidi ndipo inapotufikia kwenye waya.

Ndiyo maana mie sikubaliani na wanaosema haya ni mambo ya Wazungu wa kwenye baridi. Pete za mianga ni za kwao, sawa. Lakini satelaiti ni zetu sote, na jua ni lilelile linalokausha dagaa wetu na kutuanikia nguo kila asubuhi. Wenzetu wamelifuatilia kwa zaidi ya miaka 150, mmoja kahesabu madoa miaka 17, mwingine kafia hotelini ugenini, ili leo fundi wa umeme apate dakika 15 za kujiandaa. Ukiniuliza mie, hizo dakika 15 ndizo nzuri kuliko rangi zenyewe.

Panapo majaaliwa, tukutane wiki ijayo.